Sarafu Kongwe na Amana Yake



Katika mtaa wa Dunda, mjini Bagamoyo, tulikaribishwa na bibi mmoja mtu mzima ambaye jina lake hatulitaji, kwa kuwa ametuomba tumsitiri. Baada ya sala ya alasiri alituandalia kahawa na halua, kisha akamwagiza mjukuu wake alete kibweta kilichokuwa mvunguni. Ndani ya kibweta mlikuwa na kipande cha kaniki, na ndani ya kaniki sarafu kumi na moja. "Zilikuwa kumi na nne," alisema bibi, kisha akanyamaza. Mjukuu, naye ni kijana mwenye adabu zake, akainamisha macho.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kijana alisikia kwamba wako watu wanaonunua fedha za zamani. Akachagua sarafu tatu zilizo kubwa na nyeupe, akazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikameta kama kijiko kipya, akampelekea mchuuzi mmoja aliyekuwa akipita mji kwa mji. Mchuuzi akazitazama, akasema kuwa zimekwisha haribiwa kwa kusuguliwa, akazitia katika mizani, akalipa thamani ya fedha tupu, wala hakuandika hati yoyote. Asubuhi yake akaondoka. Bibi alipokuja kuuliza, ikadhihirika kuwa moja katika zile tatu ilikuwa reale ya mahari ya mama yake mzazi.

"Sikuililia thamani yake, wanangu," alituambia. "Nililia kwa kuwa ile ilikuwa amana."

Tumeona ni wajibu tuandike juu ya jambo hili, kwani vibweta kama kile viko vingi, kutoka Kunduchi na Mbweni mpaka Saadani na Pangani, na vijana wetu wengi sasa wanapenda kukusanya sarafu za kale, kuzinunua minadani na katika intaneti. Kupenda huko si jambo baya. Lakini sarafu ya kale ina thamani tatu: ya kwanza ni ya madini yake, ya pili ni ya uchache wake, na ya tatu ni ya ushahidi iliouchukua. Asiyejua huuza zote tatu kwa bei ya ile ya kwanza, kama alivyofanya kijana wetu.

FEDHA NA MAJINA YAKE

Sisi watu wa pwani twachukua kibweta kizima cha sarafu katika ndimi zetu, na pengine hatuna khabari. Twasema "pesa", na asili yake ni paisa ya Bara Hindi. Twasema "rupia", nalo latoka huko huko. Twasema "hela", na neno hili tulilipata kwa Wajerumani, ambao walianza kutoa sarafu yao ya Heller hapa mwaka 1904. Shilingi na senti tulizipokea katika zama za Waingereza. Wazee wetu waliita senti 50 "sumni", na maana yake kwa Kiarabu ni sehemu ya nane. Hata neno "fedha" ni la Kiarabu, na ndilo jina la madini yenyewe. Watawala wote hao wamekwenda zao, lakini majina ya sarafu zao bado twayatumia sokoni kila siku.

Wala si ajabu kuwa hivyo, kwa sababu Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara. Misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji ilitoka hapa na kurejea hapa. Huko bara wapagazi na wenyeji walilipwa zaidi kwa nguo, shanga na waya, lakini pwani hesabu ya mfanyabiashara ilifanywa kwa reale na rupia. Kila dola iliyotaka kuitawala njia hii ilitaka pia watu watumie sarafu yenye jina lake.

TULICHOKIONA KIBWETANI

Tuanze na zile tatu zilizokwenda. Kwa maelezo ya bibi, mbili zilikuwa reale na moja ilikuwa rupia ya Bara Hindi yenye sura ya Malikia Victoria. Reale hii ndiyo ile yenye sura ya Maria Theresa, malikia wa Austria, aliyekufa mwaka 1780. Baada ya kufa kwake sarafu yake iliendelea kupigwa, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Uarabuni na pwani yetu hawakutaka nyingine, na kila moja iliandikwa mwaka ule ule wa 1780. Imepigwa Vienna, na kuanzia mwaka 1936 imepigwa London pia, kisha Bombay na Birmingham. Hata leo Vienna huipiga. Basi mtu akikuonyesha mwaka ulioandikwa na kukuambia kuwa sarafu hii imepita miaka 200, usiharakishe kumwamini. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika hizo fedha safi ni gramu 23 na ushei.

Ama katika zile kumi na moja zilizobaki, ya kwanza tuliyoitwaa ilikuwa pesa ya shaba, nyeusi kwa uzee, iliyopigwa kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888. Mwaka wake ni 1299 Hijriya, yaani 1882, na upande mmoja pamechorwa mizani. Bibi alikuwa nazo mbili. Sarafu hizi zilipigwa kwa wingi, kwa hiyo bei yake si kubwa. Lakini tunawaomba wasomaji waikumbuke mizani ile, kwani tutairudia.

Iliyofuata ilikuwa pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kampuni iliyotawala Bagamoyo kabla ya Serikali ya Ujerumani kuchukua mambo mikononi mwake mwaka 1891. Upande mmoja una tai wa Kijerumani. Upande wa pili una maneno ya Kiarabu yenye maana ya Kampuni ya Ujerumani, na mwaka wa Hijriya. Hapo kijana wetu alistaajabu. Wajerumani walijua kwamba mtu wa Bagamoyo amesoma chuoni, na kwamba akiona maandishi asiyoyajua hataiamini fedha hiyo. Kwa hiyo sarafu ile ndogo yashuhudia kwamba watu wetu walikuwa na kisomo chao kabla ya kuja mgeni.

Kisha tuliona hela mbili zenye tundu katikati, na shilingi tatu zenye simba mbele ya milima. Shilingi hizi ziliingia mwaka 1921, baada ya kuundwa huko London Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1919. Moja ilikuwa ya mwaka 1924 yenye sura ya Mfalme George wa Tano, na mbili za George wa Sita, za mwaka 1944 na 1952. Ukiziweka pamoja utaona tofauti. Zile za zamani zina fedha robo, na robo tatu zilizobaki ni madini duni; zilizopigwa kuanzia mwaka 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na Uingereza haikuwa na fedha ya kuchezea. Mtu aweza kuisoma khabari hiyo katika sarafu bila ya kufungua kitabu.

Zilizobaki tatu zilikuwa senti zenye tundu: senti 5 moja na senti 10 mbili. Moja ya hizi senti 10 ilituzuia kwa muda mrefu. Ilikuwa ya mwaka 1936, na jina lililoandikwa juu yake ni la Mfalme Edward wa Nane. Huyu alikalia kiti cha Uingereza kwa muda usiotimia mwaka, akajiuzulu Desemba 1936 kabla ya kuvikwa taji. Kwao Uingereza, sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa watu. Zilipigwa chache tu za majaribio. Mwezi wa Januari 2020 pauni moja ya dhahabu katika hizo za majaribio ilinunuliwa na tajiri mmoja kwa pauni milioni moja za Kiingereza. Lakini huku kwetu senti zake ziliingia sokoni, kwa sababu sarafu yenye tundu haina nafasi ya sura, ina jina tu. Nazo zilikwisha pigwa kwa wingi. Wavuvi wa Bagamoyo wameuziana dagaa kwa sarafu ya mfalme ambaye raia zake wa London hawakupata kuigusa sarafu yake.

Kijana akauliza kwa pupa, "Basi hii nayo ni milioni?" La. Kwa kuwa ilipigwa kwa wingi, bei yake ni ndogo sana. Hapa pana somo la kwanza kwa kila mkusanyaji: bei haitokani na umri wala na jina la mfalme, bali yatokana na uchache, na hali ya sarafu, na wingi wa wanaoitaka. Ziko sarafu za zaidi ya miaka elfu zinazouzwa kwa bei ya kilo chache za mchele. Na ziko sarafu za juzi ambazo ni adimu, kama ile ya rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo mbele ya mlima, ambayo Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli walipozingirwa na vita. Zilipigwa elfu kumi na sita na ushei tu.

SARAFU YA KIINGEREZA YENYE KALIMA

Kwa wale vijana wanaopenda sarafu za Uingereza, twataka kuwapa khabari moja ambayo huenda hawajaisikia. Katika jumba la British Museum, London, imehifadhiwa sarafu ya dhahabu ya Mfalme Offa, aliyetawala nchi ya Mercia, ambayo leo ni sehemu ya Uingereza, tangu mwaka 757 mpaka 796. Sarafu hiyo ni mwigo wa dinari ya Khalifa Al-Mansur ya mwaka 157 Hijriya, yaani 774. Juu yake zimeandikwa kwa Kiarabu kalima ya Tauhidi na utume wa Muhammad s.a.w., na katikati ya maandishi hayo limepachikwa kwa Kilatini jina la Offa na cheo chake cha ufalme. Fundi aliyeichora hapana shaka hakujua Kiarabu, kwani herufi zake zina makosa, na jina la mfalme limesimama kichwa chini likilinganishwa na maneno mengine.

Kwa nini mfalme asiyekuwa Mwislamu apige sarafu yenye maneno hayo? Si kwa sababu alisilimu. Dinari ya Waislamu ilikuwa ikikubalika katika nchi nyingi, kwa kuwa watu waliujua uzito wake na usafi wa dhahabu yake. Tangu Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipotengeneza dinari mpya mwaka 77 Hijriya, yenye maneno matupu bila ya sura, uzito wake ulikuwa gramu 4 na robo, na mtu wa mbali aliipokea bila ya shaka. Uaminifu wa mizani ndio ulioifikisha dinari mpaka Mercia.

USIISUGUE

Sasa tuje katika mambo ya kutenda. Mwenye kibweta nyumbani kwake na asikie maneno haya kwanza: usiisugue sarafu. Ule weusi na ukijani ulio juu yake ni ngozi yake. Ndiyo inayomwonyesha mjuzi kuwa ni ya kweli na kwamba imetunzwa. Majivu, mchanga, ndimu, dawa ya meno na brashi ya waya huacha mikwaruzo isiyofutika, na sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Ikiwa ina udongo, iloweke katika maji safi, kisha ikaushe kwa kitambaa laini kwa kugusa tu bila ya kufuta. Ishike ukingoni kwa vidole viwili, usiiguse uso. Iweke peke yake katika bahasha ndogo ya karatasi, mahali pakavu. Na huku kwetu, ambako hewa ya bahari ina chumvi, hilo lina uzito zaidi. Mifuko ya plastiki laini huichafua sarafu baada ya muda.

Jambo la pili ni kuandika. Chukua daftari, uandike kila sarafu: mwaka wake, maandishi yake, uzito wake, na zaidi ya yote ilitoka kwa nani. Pesa ya Barghash isiyo na maelezo ni pesa moja katika maelfu. Lakini pesa ya Barghash ambayo babu yako aliilipwa gatini Bagamoyo, na khabari yake imeandikwa, hiyo haina ya pili duniani. Wazee wakiondoka, khabari hizo huondoka nao.

MNADA NA ADABU YAKE

Katika London ziko nyumba za mnada zinazouza sarafu tangu zamani. Moja yao, Spink, yajihesabu kuwa imeanza mwaka 1666. Siku hizi mtu aliyeko Bagamoyo aweza kuzabuni kwa simu yake wakati mnadi yuko London. Basi yafaa ajue desturi zake. Kila sarafu hupewa namba na makisio ya bei. Mwenye mali aweza kuweka bei ya chini ambayo hapungui hapo. Nyundo ikigongwa, aliyetaja bei ya mwisho amefungika. Lakini bei ya nyundo siyo atakayolipa: nyumba nyingi huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi, na juu ya ada kuna kodi, gharama za kutuma na bima, kisha ushuru wa forodha unapofika mzigo. Aliyeshinda kwa pauni 100 ajitayarishe kulipa 130 au zaidi. Kijana na aweke mpaka wake kabla ya mnada kuanza, auandike, wala asiuvuke kwa sababu ya joto la kushindana.

Na sisi Waislamu tuna miongozo yetu katika jambo hili. Mnada wenyewe ni halali. Imepokewa kwa Anas bin Malik r.a. kwamba Mtume s.a.w. aliuza tandiko na bakuli la mtu fukara mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza kama yuko atakayezidisha, na mwingine akatoa mbili, akauziwa. Lililokatazwa ni najshi, nalo ni mtu kupandisha bei hali hataki kununua, ili amghuri mwenzake. Zamani najshi ilifanywa sokoni na rafiki wa muuzaji aliyejifanya mnunuzi. Leo hufanywa katika intaneti na muuzaji yule yule aliyejiandikisha kwa majina mawili. Sura imebadilika, dhambi ni ile ile. Kadhalika kuficha aibu ya bidhaa ni khiyana: aliyeisugua sarafu, au aliyeziba tundu lililotobolewa ili ivaliwe shingoni, hana budi kumwambia mnunuzi.

DHAHABU YA MBALI NA SARAFU ZA BANDIA

Sarafu inayoghushiwa sana ni pauni ya dhahabu ya Kiingereza, ile yenye mpanda farasi anayeua joka. Watu wa pwani waijua, kwani mama zetu wameivaa katika mikufu. Uzito wake wa haki ni gramu 7.98, upana wake milimita 22, na dhahabu yake ni ya karati 22. Nyumbani mtu aweza kuijaribu. Twaa mizani ndogo inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Ipime sarafu kavu. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri, uifunge sarafu kwa uzi mwembamba na kuizamisha majini bila ya kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa hesabu ya kwanza kwa ya pili. Pauni ya kweli itatoa takriban 17 na nusu. Ya shaba iliyopakwa dhahabu haitafika hata 10. Sumaku nayo ni shahidi mzuri: dhahabu, fedha na shaba hazivutwi nayo.

Kwa anayenunua katika intaneti twasema hivi. Taka picha za pande zote mbili na uzito. Nunua kwa mwenye jina linalojulikana katika kazi hiyo, anayekubali kurudishiwa. Usitume pesa kwa mtu asiyekuwa na anwani. Na bei ikiwa ya chini kupita kiasi, jiulize kwa nini wajuzi walioko karibu naye wameiacha.

Liko jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Sharia imeweka kwamba dhahabu ikibadilishwa kwa dhahabu, na fedha kwa fedha, iwe uzito sawa na mkono kwa mkono. Na wanavyuoni wengi wa zama hizi wameziweka noti za leo katika hukumu ya sarafu, kwa hiyo dhahabu ikinunuliwa kwa noti yatakiwa pia kukabidhiana pale pale. Basi kulipa leo na kupokea pauni ya dhahabu baada ya wiki tatu ni jambo la kuulizwa kwa shekhe mjuzi kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua. Sarafu za shaba na nikeli wako wanavyuoni waliozitoa katika hukumu hiyo. Lakini hilo nalo liulizwe.

KINACHOOKOTWA ARDHINI

Mwendo mfupi kusini ya mji wa Bagamoyo yako magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi ya nguzo. Msikiti wake wa kale hukadiriwa kuwa wa karne ya 13. Kunduchi nako yako makaburi yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Mvua ikinyesha, na maji yakikokota udongo, watoto huokota shanga na vigae, na pengine sarafu.

Sarafu hizo zaweza kuwa jambo kubwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, zenye majina yao na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Moja yenye jina la Al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, wachimbuzi walipata zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa Kiislamu, pamoja na dinari chache. Lau zingaliokotwa na wachuuzi na kutawanywa, leo tusingejua kwamba Pemba ilitumia fedha yake karibu miaka elfu iliyopita. Ushahidi wa sarafu umo katika mahali ilipolala. Ukiitoa gizani na kuiuza, umekwisha ung'oa ulimi wake.

Wako wanaosema, "Hiki ni rikazi, tukitoa khumsi, kilichobaki ni chetu." Wamekosea. Rikazi ni hazina ya kale ya watu wa kabla ya Uislamu. Kitu chenye alama za Kiislamu, kama sarafu yenye jina la sultani Mwislamu na utajo wa Mungu, wanavyuoni hukihesabu kuwa ni lukata, yaani mali iliyopotea ya mwenyewe, nayo yatangazwa mwaka mzima. Fauka ya hayo, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Hairuhusiwi kuchimba wala kuvitoa nje ya nchi bila ya kibali, na aliyevumbua anatakiwa kutoa taarifa. Basi mwenye kuokota na apeleke khabari kwa wasimamizi wa magofu. Kumtii mtawala katika jambo la maslaha ni katika dini yetu.

ZAKA

Mwisho, tusisahau kwamba sarafu ya dhahabu au fedha haiachi kuwa dhahabu au fedha kwa sababu ni ya kale. Nisabu ya dhahabu ni gramu 85, na pauni moja ina dhahabu safi gramu 7.32, mwenye pauni 12 sandukuni amefika. Nisabu ya fedha ni gramu 595. Mwenye reale 26 amefika. Ukitimia mwaka atoe sehemu moja katika arubaini. Na anayenunua sarafu ili auze, hata zikiwa za shaba, hiyo ni bidhaa ya biashara, naye azitolee zaka kwa bei ya soko.

Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, bibi alishika ile pesa nyeusi ya Sayyid Barghash akamwita mjukuu wake. Kijana alikwisha nunua daftari. Bibi akasema, naye akaandika: pesa hii ilitoka kwa mama, naye aliipata kwa mumewe, aliyekuwa akipakia majahazi hapa gatini. Kisha akaandika na zile tatu zilizopotea, kila moja kwa sifa zake. Tulimwuliza kwa nini aziandike nazo hazipo. Akajibu kuwa, kama hawezi kuirudisha reale ya mahari, angalau watoto wake watajua kwamba ilikuwako.

Halafu bibi akaifunga kaniki. Mizani iliyochorwa juu ya pesa ile imesuguka kwa vidole vya watu, lakini bado yaonekana. Mtu aiangaliaye akumbuke Suratul Mutaffifin na onyo lake kwa wanaopunja, awe ananunua au anauza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana za wazee wetu, na atupe uaminifu katika biashara zetu. Wabillahi tawfiq.